Je, Inafaa Kumkabidhi Mteja Video ya Harusi kwa Diski ya Blu-ray? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wapiga video wenzetu wanaorekodi harusi, send-off, kicheni pati, mahafali na mikutano, na ambao bado wanajiuliza kama kuna haja ya kununua mashine ya kuchomea Blu-ray ili kazi yao imfikie mteja katika ubora uleule walioupiga. Majibu yametokana na kazi ya studio ndogo jijini Dar es Salaam, kwa hiyo mifano mingi ni ya huku. Aliye Mombasa, Bujumbura au Maskati atapima mwenyewe ni wapi hali yake inatofautiana na yetu.

Kwa ufupi, inafaa au haifai?

Kama njia kuu ya kumkabidhi kila mteja kazi yake, haifai, na kwa maoni yetu katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki haikuwahi kufaa, kwa sababu nyumba nyingi zilitoka kwenye DVD zikaingia moja kwa moja kwenye flashi na simu bila kupitia Blu-ray. Kama nakala ya ziada kwa mteja ambaye ana kifaa cha kuichezea na ameiomba mwenyewe, inafaa. Kama nakala ya kumbukumbu inayobaki kabatini mwa studio, ambayo hakuna kijana wa kazi anayeweza kuifuta kwa kubonyeza kitufe kimoja, inafaa zaidi ya watu wengi wanavyodhani. Sisi tunaitumia kwa hayo mawili ya mwisho tu.

Blu-ray inaizidi DVD kwa kipi hasa, na je, mteja ataiona tofauti?

Picha ya DVD katika mfumo wa PAL, ambao ndio unaotumika kwetu, ina nukta 720 kwa 576. Picha ya Blu-ray ina nukta 1920 kwa 1080. Ukizidisha pande zote mbili utaona kwamba picha ya Blu-ray ina nukta mara 5 kamili ya zile za DVD. Diski ya DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, ilhali Blu-ray ya tabaka moja hubeba 25 na ya tabaka mbili hubeba 50. Chanzo cha tofauti hii ni mwanga unaoisoma diski: DVD husomwa kwa leza nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650, na Blu-ray husomwa kwa leza ya rangi ya zambarau inayoelekea buluu yenye nanomita 405, ambayo kwa wembamba wake inaweza kutofautisha alama ndogo zaidi zilizobanana zaidi.

Hata hivyo, nukta peke yake hazielezi kila kitu, maana linaloharibu video nyingi za harusi ni mbano wa data, yaani namna video inavyobanwa ili ienee kwenye diski. DVD hutumia mbano wa MPEG-2, na picha yake haiwezi kuzidi megabiti 9.8 kwa sekunde. Blu-ray hukubali mbano wa H.264, ulio hodari zaidi, na huruhusu picha kufika megabiti 40 kwa sekunde. Sasa fikiria ukumbi wa harusi ulivyo: giza, taa za rangi zinazowaka na kuzimika, moshi wa mashine maharusi wanapoingia, vitambaa vyenye shanga zinazometa, na ukoo mzima unaocheza kwa pamoja kuelekea mezani na zawadi zao mikononi. Hakuna picha inayoutesa mbano wa MPEG-2 kuliko hiyo. Kwenye DVD utaona moshi umegeuka vipande vya mraba na nyuso za wanaocheza zimevurugika. Kwenye Blu-ray iliyochomwa kwa megabiti 20 hadi 25 kwa sekunde, utaweza kuzifuata nyuzi za lesi ya shela hata mwanga ukiwa hafifu.

Mteja mwenye televisheni bapa ya inchi 43 na kuendelea ataiona tofauti bila kuonyeshwa. Mwenye televisheni ya chogo hataiona hata kidogo, na hiyo si dosari ya macho yake. Vilevile hataiona yule aliyeunganisha deki yake ya Blu-ray kwa zile nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe, kwa sababu waya wa njano haupitishi picha ya HD, yaani hiyo ya nukta 1920 kwa 1080; lazima waya wa HDMI utumike. Tumewahi kufika nyumbani kwa mteja aliyelalamika kwamba Blu-ray yake "haina tofauti na ya zamani", tukabadilisha waya, tukanywa chai, tukaondoka.

Deki ya DVD ya kawaida inaweza kusoma diski ya Blu-ray?

Haiwezi kabisa. Deki ya Blu-ray kwa kawaida husoma DVD, lakini deki ya DVD haina leza ya kusoma Blu-ray, na hakuna programu wala mpangilio utakaobadilisha jambo hilo.

Nitajuaje kama mteja ana kifaa cha kuichezea?

Muulize siku ya kuweka oda, na usimuulize kama "ana Blu-ray", kwa sababu wengi watajibu kwamba wanayo wakimaanisha deki yoyote ya kuingizia sahani. Muulize hivi: "Video hii mtaiangalia kwenye nini, na nani ataiwasha?" Jibu la swali hilo litakueleza mengi. Akisema ataiangalia kwenye simu, umemaliza. Akisema kuna PlayStation sebuleni, uliza ni ipi: PlayStation 3, ambayo ilitoka mwaka 2006 na kuchangia sana kuieneza Blu-ray duniani, pamoja na PlayStation 4, zote husoma Blu-ray, PlayStation 5 husoma ikiwa ni ile yenye sehemu ya kuingizia diski, kwani ipo nyingine isiyo nayo. Kompyuta mpakato karibu zote za siku hizi hazina sehemu ya diski, na hata zile za zamani zilizokuwa nayo nyingi zilisoma CD na DVD tu.

Miaka ya mwanzo sisi wenyewe hatukuuliza. Tulijivunia mashine mpya ya kuchomea, tukamkabidhi mzee mmoja Blu-ray mbili za harusi ya binti yake katika kasha zuri la buluu. Baada ya siku tatu alirudi nazo akiwa mpole kabisa: "Mwanangu, sahani zako hazina kitu ndani." Deki yake ilikuwa ya DVD, na iliandika kwenye kioo kwamba hakuna diski. Tulimchomea DVD palepale bila malipo, na tangu siku hiyo swali la kifaa limechapwa kwenye fomu yetu ya oda, juu ya swali la idadi ya nakala.

Video ya saa ngapi inaenea kwenye diski moja?

Hesabu yake ni rahisi: megabiti 20 kwa sekunde ni sawa na gigabaiti 9 kwa saa. Kwa hiyo diski ya gigabaiti 25 itabeba takriban saa 2 na dakika 40 kwa ubora huo, ukiacha nafasi kidogo ya sauti na menyu. Ukishusha hadi megabiti 15 utafikisha zaidi ya saa 3 na nusu, na kwa sehemu zenye utulivu, kama ibada ya kanisani au kufungishwa nikahi, macho hayatalalamika. DVD ya tabaka moja, kwa kulinganisha, hubeba saa 2 hivi kwa megabiti 5 kwa sekunde, na ukiilazimisha kubeba saa 3 picha itakuwa ya kuonea haya.

Hili ni jambo la maana kwetu kuliko kwa wenzetu wa nchi ambazo video ya harusi ni dakika 8 za muziki na machozi. Huku familia inataka dakika hizo 8, na pia inataka hotuba ya baba mkubwa yote, utambulisho wa pande zote mbili bila kukatwa, na kila kikundi kilichotoa zawadi kionekane, kwa sababu anayekatwa hukumbuka. Video kamili ya saa 3 au 4 ni jambo la kawaida. Kwa mteja wa namna hiyo, Blu-ray moja badala ya DVD mbili au tatu ni nafuu ya kweli, mradi kifaa kipo.

Usishangae kompyuta ikikuonyesha kwamba diski ya "25" ina 23.3 tu. Watengenezaji huhesabu gigabaiti kwa mafungu ya 1,000 na kompyuta nyingi huhesabu kwa mafungu ya 1,024, hujaibiwa. Panga ukubwa wa kazi yako kwa ile namba ndogo.

Mimi napiga kwa 4K. Je, Blu-ray itaonyesha 4K?

Blu-ray ya kawaida hukomea kwenye 1920 kwa 1080, ilhali 4K ina nukta mara 4 ya hizo. Ipo Ultra HD Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2016 na inayotumia mbano wa H.265, lakini hiyo ni diski ya kampuni za filamu. Inahitaji deki zake mahususi, na kwa studio ndogo si njia ya kumkabidhia mteja kazi. Mteja anayetaka 4K mpe faili kwenye flashi au diski ngumu ya nje. Kupiga kwa 4K na kukabidhi kwa HD bado kuna faida, kwa kuwa unaweza kusogeza fremu karibu wakati wa kuhariri bila picha kupoteza ukali, na picha iliyopunguzwa kutoka 4K huwa safi kuliko iliyopigwa HD tangu mwanzo.

Napiga kwa fremu 25 kwa sekunde. Kuna tatizo lolote, hasa kama ndugu wako Marekani?

Lipo, na wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Kanuni za Blu-ray hazikuweka nafasi ya fremu 25 kamili kwa ukubwa wa 1920 kwa 1080. Zinakubali fremu 24 kamili, na pia zinakubali mistari ya kupishana, yaani kila fremu kuonyeshwa nusu baada ya nusu, kwa nusu-fremu 50 au karibu 60 kwa sekunde. Video ya fremu 25 hufungwa ndani ya mfumo wa nusu-fremu 50. Programu nzuri hufanya hivyo bila kuharibu picha, na deki za kwetu na za Ulaya huionyesha sawasawa. Deki nyingi zilizouzwa kwa soko la Marekani, hata hivyo, hazikubali kabisa mfumo wa 50, na shangazi aliyeko Texas au Minnesota atabaki na kioo cheusi. DVD ina tatizo kama hilohilo: sisi tunatumia PAL, wao wanatumia NTSC, na deki nyingi za kwao hazisomi ya kwetu.

Ukijua mapema kwamba nakala nyingi zitavuka bahari kuelekea Marekani au Kanada, piga kwa fremu 24 huku kilango cha kamera (shutter) kikiwa 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kwa kasi hiyo ya kilango taa za ukumbi hazitapepesa kwenye picha, na Blu-ray ya fremu 24 husomwa na deki za pande zote. Kama umeshapiga kwa 25, mtumie ndugu huyo faili, maana kompyuta haijali fremu ni ngapi.

Nahitaji nini ili kutengeneza Blu-ray yenye menyu?

Unahitaji mashine ya kuchomea, ambayo siku hizi ni ya nje na huunganishwa kwa USB, programu ya kutengeneza menyu na sura, na subira. Sehemu ngumu ni programu. Adobe Encore, ambayo wengi tulijifunzia, iliishia toleo la CS6 la mwaka 2012 na haikuendelezwa tena. TMPGEnc Authoring Works hufanya kazi hiyo kwenye Windows. Kwenye Mac, Final Cut Pro inaweza kutoa Blu-ray yenye menyu nyepesi kabisa, lakini Apple haikuwahi kuipenda teknolojia hii: mwaka 2008 Steve Jobs aliita Blu-ray mfuko wa maumivu, akilalamikia masharti ya leseni zake, na hakuna Mac iliyowahi kutoka kiwandani ikiwa na mashine ya Blu-ray.

Kuchoma gigabaiti 25 kwa kasi ya 4x huchukua dakika 23 hivi, na kisha unapaswa kuihakiki, yaani kama muda huohuo tena. Nakala 10 ni siku nzima ya kazi. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, diski hiyo imekwenda, kwa sababu huandikwa mara moja tu. Usichome bila UPS, na usichome huku unahariri kazi nyingine kwenye kompyuta ileile.

Menyu ndiyo kitu pekee ambacho wateja wetu wa zamani wanakikosa kwenye flashi. Wao walizoea kuwasha na kukuta picha ya maharusi, na chini yake "Kanisani", "Kuingia Ukumbini", "Keki", "Zawadi". Tutaeleza mbele namna ya kulikaribia hilo bila diski.

Nimesikia HD inaweza kuwekwa kwenye DVD tupu ya kawaida. Ni kweli?

Ni kweli kwa kiasi. Mfumo huo huitwa AVCHD: unachoma picha ya HD kwa mpangilio unaofanana na wa Blu-ray kwenye diski ya DVD yenye gigabaiti 4.7, na deki nyingi za Blu-ray huisoma. Kwa megabiti 17 au 18 kwa sekunde utapata kama nusu saa tu, kwa hiyo inafaa kwa video fupi ya vipande bora au kwa kumwonyesha mteja sampuli. Iandike wazi juu yake kwamba haichezi kwenye deki ya DVD, maana kwa macho inafanana kabisa na DVD na itarudishwa.

Diski tupu na deki zitaendelea kupatikana?

Zitapatikana kwa muda, lakini mlango unafungwa polepole. Blu-ray ilishinda vita vyake mapema: Toshiba, iliyokuwa na mfumo shindani wa HD DVD, ilisalimu amri tarehe 19 Februari 2008, baada ya studio za filamu kuuhama. Ushindi huo haukudumu kwa raha, kwa kuwa intaneti ilikuwa inakuja nyuma. Samsung ilitangaza mwaka 2019 kwamba haitatoa tena deki mpya za Blu-ray kwa soko la Marekani, na LG nayo imejiondoa katika kutengeneza deki hizo. Februari 2025 Sony, mmoja wa waasisi wa Blu-ray, ilisitisha utengenezaji wa diski tupu za kurekodia, na siku hizohizo ikazisitisha pia kanda za MiniDV, ambazo baadhi yetu tulianzia kazi nazo na bado tuna maboksi yake chini ya kitanda. Kampuni nyingine, ikiwemo Verbatim, zinaendelea kutengeneza diski tupu.

Kariakoo utazipata DVD tupu bila kutafuta. Blu-ray tupu utaziulizia duka hadi duka, na bei yake kwa moja ni mara kadhaa ya DVD. Ukizikuta za bei ya kushangaza, angalia kama zimeandikwa LTH. Hizo hutumia rangi ya kikemikali inayofanana na ile ya DVD na haziaminiki kwa kuhifadhi kwa muda mrefu kama zile za kawaida.

Basi flashi ndiyo jibu?

Kwa wateja wengi, ndiyo, lakini flashi ina mitego yake, na mpiga video asiyeijua atarudishiwa kazi nyingi kuliko enzi za DVD.

Mtego wa kwanza ni flashi bandia. Zipo zinazoonyesha gigabaiti 64 kwenye kompyuta ilhali ndani zina 8. Utanakili video yote bila onyo lolote, na mteja atakuta imekatika kabla ya keki. Kabla ya kuitumia flashi yoyote mpya, ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, ambayo huijaza data kisha kuisoma yote. Ni kazi ya kuchosha, lakini ni afadhali ichoshe kompyuta yako kuliko simu ya mama wa bibi harusi.

Mtego wa pili ni mpangilio wa faili. Flashi nyingi ndogo huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia gigabaiti 4. Televisheni nyingi za zamani kidogo husoma FAT32 tu. Za karibuni husoma exFAT au NTFS. Njia salama ni kuigawa video katika sehemu, kila moja chini ya kipimo hicho, na hapo unajipatia menyu yako: faili la kwanza liitwe "01 Kanisani", la pili "02 Kuingia Ukumbini", na kuendelea. Televisheni kwa kawaida hupanga kwa jina, hivyo anayeshika rimoti ataona orodha ileile aliyoizoea kwenye DVD. Usisahau sifuri iliyo mbele ya namba, la sivyo zawadi zitatangulia nikahi.

Mtego wa tatu ni kodeki, yaani aina ya mbano wa video. Kamera nyingi mpya hurekodi H.265 ya biti 10, na mhariri akitoa kazi kwa mpangilio huohuo, televisheni itacheza sauti bila picha au itasema faili halikubaliki. Kwa kukabidhi, toa H.264 ya biti 8, 1920 kwa 1080, kati ya megabiti 15 na 20 kwa sekunde, sauti ya AAC, ndani ya faili la MP4. Mpangilio huo haujatuangusha kwenye televisheni yoyote bapa tuliyoikuta majumbani, ukiacha zile za mwanzo kabisa ambazo USB yao ilikuwa ya picha za mnato tu.

Tena flashi hufutika. Mtoto atafuta harusi ya wazazi wake ili aweke nyimbo, na hilo hatulisemi kwa dhana. Weka flashi ndani ya kasha lenye picha ya maharusi, na kama unaweza, ichapishwe majina na tarehe juu yake, kwa sababu watu hawafuti kwa wepesi kitu kinachofanana na zawadi.

Kwa nini nisiweke mtandaoni tu na kumtumia mteja kiungo?

Weka, lakini isiwe njia pekee. Video ya saa 3 kwa megabiti 15 kwa sekunde ni gigabaiti 20, na mteja anayetumia bando la simu hataipakua; ataiangalia kidogo, itakwamakwama, atakulaumu wewe. Akaunti ya bure ya Google Drive ina gigabaiti 15 kwa jumla, kwa hiyo video hiyo moja haiingii. YouTube inafaa kwa ndugu walio mbali ukiiweka katika hali ya kutoorodheshwa, ambapo anayeiona ni mwenye kiungo tu, lakini kumbuka kwamba mwenye kiungo anaweza kumpa mwingine. Muziki nao ni tatizo: mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo utaikuta Bongo Fleva iliyopigwa na DJ wakati maharusi wanaingia, na video inaweza kuwekewa matangazo au kuzuiwa katika baadhi ya nchi.

WhatsApp hubana video vibaya sana ikitumwa kama video. Ikitumwa kama hati, hupokea faili la hadi gigabaiti 2 bila kuligusa, na kwa video fupi ya dakika 5 hiyo ndiyo njia tunayoitumia sisi siku ileile kazi inapokamilika.

Je, niache DVD kabisa?

Usiharakishe. Babu aliyeko Rombo au Newala ambaye ana deki ya DVD inayofanya kazi, na ambaye hajui flashi huingizwa wapi, anastahili kuiona harusi ya mjukuu wake. DVD moja au mbili katika kila oda hazikugharimu kitu cha maana. Sisi huzitolea faili tofauti iliyopunguzwa vizuri kwa PAL, wala hatuiachii programu ya kuchoma ijifanyie yenyewe, kwa sababu nyingi hupunguza picha kwa haraka na kuacha mistari inayotetemeka kwenye kingo.

Kwa kuhifadhi, diski au diski ngumu?

Vyote viwili. Hapa ndipo tunapoitetea Blu-ray bila kigugumizi. Diski ngumu huanguka, flashi iliyokaa miaka bila kuchomekwa inaweza kupoteza ilichobeba, na akaunti ya mtandaoni hufungwa usipolipa. Blu-ray ya kawaida isiyo LTH huandikwa kwenye tabaka la madini, haifutiki, na gigabaiti 25 zake zinatosha kuweka video iliyokamilika ya harusi moja katika ubora mzuri kabisa. Zipo pia M-DISC, ambazo watengenezaji wake wanasema zitadumu miaka 1,000. Hakuna atakayekuwepo kuwadai.

Tabaka la data la Blu-ray liko milimita 0.1 tu chini ya uso wa diski, ilhali la DVD liko ndani zaidi, milimita 0.6. Ndiyo maana Blu-ray hupakwa ganda gumu la kuzuia mikwaruzo, na ndiyo maana mkwaruzo ukilipenya ganda hilo hakuna wa kuiokoa. Katika miji ya pwani joto na unyevu ni adui wa diski kuliko vumbi: zisimamishe ndani ya makasha yake, mbali na dirisha, na usizibandike lebo za karatasi, kwa kuwa gundi huvimba na uzito wa upande mmoja huifanya diski iyumbe inapozunguka. Andika kwa kalamu maalumu ya diski, au tumia zile zinazochapishika kwa printa. Nakala mbili katika kabati moja ni nakala moja mbele ya moto. Ya pili ikae nyumba nyingine.

Nimtoze mteja kiasi gani kwa Blu-ray?

Iweke nje ya kifurushi, kama kitu cha kuongeza. Hesabu bei ya diski, kasha, muda wa kutengeneza menyu na muda wa kuchoma na kuhakiki, kisha ongeza diski moja ya kuharibika. Ikifika hapo wateja wengi huchagua flashi ya pili, na si vibaya.

Mteja akirudi baada ya miaka 5 akitaka nakala, nina wajibu gani?

Una wajibu uliouandika kwenye mkataba, na kama hukuandika kitu, mteja ataamini kwamba unatunza kila kitu milele. Sisi hutunza mafaili ghafi ya kamera kwa miezi 6 baada ya kukabidhi, na video iliyokamilika tunaichoma kwenye Blu-ray moja ya studio. Sentensi iliyo kwenye mkataba wetu inasema hivi, nawe unaweza kuichukua: "Studio itatunza nakala moja ya video iliyokamilika kadiri itakavyowezekana, lakini jukumu la kuhifadhi ni la mteja kuanzia siku ya kukabidhiwa, nakala za baadaye zitatolewa kwa malipo, katika aina ya kifaa kitakachokuwa kinatumika wakati huo." Mteja huisoma, huuliza maana ya maneno ya mwisho, nasi humwonyesha ile kanda ya MiniDV iliyo juu ya meza.